Historia fupi ya boksi linalolisha kompyuta yako (na kwa nini hapa Dodoma usilinunue kwa macho)

Bumu limeingia, na kama kawaida korido zetu zimejaa mahesabu. Huyu anataka simu mpya, yule anadaiwa kwa mama ntilie tangu mwezi juzi, na sisi vijana wa kompyuta tunapanga kuunga mashine zetu wenyewe. Maswali ninayoulizwa ni yale yale kila mwaka: prosesa gani, RAM kiasi gani, kadi ya grafiki ipi inacheza gemu la mpira bila kukwama. Pawa saplai haiulizwi na mtu. Ikifika zamu yake hela iliyobaki ni ya sahani mbili za wali, basi mtu ananunua boksi lolote lililoandikwa wati 500 na maisha yanaendelea.

Leo nataka nizungumzie hilo boksi, tena kwa njia ya historia. Najua wengine mtasema, we jamaa, kitu cha kununua dukani historia ya nini? Subirini kidogo. Ile swichi nyekundu mgongoni, zile waya za rangi, zile namba kwenye lebo, kila kimoja kimefika pale kwa sababu ya jambo lililotokea mahali fulani mwaka fulani. Nusu ya mambo hayo yalitokea Marekani na Ulaya. Nusu nyingine imetokea hapa hapa kwetu, Kidatu, Mtera, Zuzu, mpaka bungeni. Ukizijua nusu zote mbili, muuza duka hakubabaishi tena.

Tuanze na huku kwetu, maana pawa saplai haianzi kazi mpaka ipokee umeme, na umeme wetu una tabia zake.

Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, enzi za Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na nyumba za wakubwa. Waingereza walipochukua nchi waliendelea, na mwaka 1931 zikaanzishwa kampuni mbili: DARESCO na TANESCO. Serikali huru ilinunua hisa mwaka 1964, zikaunganishwa, na mwaka 1968 jina likawa hili tunalolijua. Kutoka kwa Waingereza tulirithi pia plagi ya miguu mitatu ya mraba yenye fyuzi ndani, ambayo wao waliipitisha kwao mwaka 1947. Ikumbukeni hiyo plagi, nitairudia.

Baada ya uhuru nchi iliamua kutegemea maji. Hale mwaka 1964, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, kisha mkubwa wao Kidatu mwaka 1975, ambao baadaye ulipanuliwa mpaka megawati 204. Ili Kidatu isikose maji kiangazi, likajengwa bwawa la akiba juu yake kwenye Ruaha Mkuu, pale Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Yaani Mtera ilianza kama tangi la Kidatu. Mitambo yake yenyewe ya megawati 80 iliwashwa mwaka 1988. Kipindi hicho hicho njia kubwa ya kilovolti 220 ikapita hapa Dodoma kwenda Singida, Shinyanga mpaka Mwanza. Kabla ya gridi kufika, mji huu, uliotangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ulikuwa unaishi kwa mitambo ya dizeli.

Kutegemea maji kuna raha na karaha. Maji yakiwepo umeme ni wa bei nafuu. Yasipokuwepo, ni mgao. Mgao wa 1992 na 1994 wazazi wetu wanaukumbuka. Ule wa 2006 ndio ulikuwa mwiba: Mtera ikashuka chini ya mita 690 kutoka usawa wa bahari, kiwango ambacho chini yake mitambo haitakiwi kufanya kazi. Na msidhani ni mvua peke yake. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, na moja ya sababu zinazotajwa sana ni maji kuchepushwa kwenye mashamba ya mpunga huko juu Usangu. Mpunga nao ni chakula, kwa hiyo ugomvi huu si mwepesi kama tunavyousimulia kantini.

Mgao wa 2006 ndio uliozaa mkataba wa Richmond wa megawati 100 za dharura, na mnajua ulivyoishia. Februari 2008 kamati ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ikasoma ripoti yake hapa hapa Dodoma, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. UDOM wakati huo ilikuwa na miezi michache tu tangu ianze kupokea wanafunzi mwaka 2007. Kwa hiyo msiseme umeme ni somo la watu wa uhandisi. Katika mji huu umeme umewahi kumng'oa Waziri Mkuu.

Baadaye mambo yalibadilika. Gesi ya Songo Songo ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004, njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida mpaka Shinyanga ikajengwa, na mwaka 2024 mtambo wa kwanza kati ya tisa wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ukawashwa. Mradi mzima ni megawati 2,115. Mwaka huo huo treni ya umeme ikaanza kufika Dodoma. Kwa hiyo hadithi ya mgao wa saa kumi na mbili kwa siku imepungua nguvu.

Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Megawati nyingi Rufiji hazimaanishi volti 230 kamili kwenye soketi ya chumba chako. Umeme ukitoka kituo cha kupoza unapita kwenye nyaya za mtaani na transfoma ya mtaani. Ukiwa nyumba ya mwisho kwenye laini, na jioni kila mtu amewasha pasi na jiko, volti zinashuka. Taa inakuwa njano, feni inazunguka kama imechoka. Halafu kuanzia Desemba mpaka Aprili tuna radi za uwanda huu wa kati, ambazo mwenyeji yeyote atakuambia si za mchezo. Umeme unakatika, unarudi kwa kishindo, unakatika tena. Sasa kitu cha kwanza kinachokutana na vurugu hiyo yote ndani ya kompyuta yako ni kipi? Ndiyo hiyo uliyoibakizia hela ya wali.

Haya, sasa upande wa kompyuta zenyewe.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965 Wizara ya Fedha, mashine ya Kiingereza aina ya ICT 1500. Haikuleta furaha iliyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Marufuku! Ukitaka kuingiza ilibidi uombe kibali maalumu. Masharti yalianza kulegezwa miaka ya 1980 na yakaondolewa kabisa miaka ya 1990. Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya historia ya dunia. Apple II ilitoka 1977. IBM PC ilitoka 1981. Yaani miaka ile ile ambayo vijana wa nchi nyingine walikuwa wanafungua maboksi na kujifunza kuunga kompyuta gereji, kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Ulipofunguliwa, kilichoingia kwa wingi kwa watu wa kawaida ni mtumba na vipuri vya bei poa. Ufundi wetu wa kompyuta ulizaliwa ukiwa na vifaa vya mtumba mkononi na bila kizazi cha wakubwa wa kutuambia kipi ni kipi. Nadhani ndiyo maana mpaka leo tunanunua pawa saplai kwa kuangalia namba kubwa iliyoandikwa pembeni.

Turudi kwenye boksi. Zamani kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta kulihitaji transfoma kubwa ya chuma na shaba. Ilikuwa nzito, na sehemu kubwa ya umeme iliishia kuwa joto. Njia mpya ilikuwa hii: umeme wa ukutani unageuzwa kwanza kuwa mkondo mnyoofu, halafu transista zinaukata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo unapita kwenye transfoma. Kadiri unavyokatwa kwa kasi ndivyo transfoma inavyotosha kuwa ndogo. Mbinu hiyo ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1960 kwenye vyombo vya anga na kompyuta kubwa, lakini transista za kuhimili volti kubwa zilikuwa ghali. Bei ziliposhuka miaka ya 1970 ikawezekana kuiweka nyumbani. Apple II ilikuwa na ya wati 38 iliyobuniwa na Rod Holt. Hata chaja ya simu yako ni mjukuu wa ukoo huo.

IBM PC ya 1981 ilikuja na pawa saplai ya wati 63.5. Ndiyo, 63.5! Leo kuna taa za uwanjani zinazokula zaidi. PC XT ya 1983 ikapanda mpaka 130, na PC AT ya 1984 ikafika 192. Ile AT ndiyo iliyoweka mtindo ulioigwa na dunia nzima. Waliofundi wa zamani wanakumbuka viunganishi vyake viwili, P8 na P9, vilivyoingia kwenye madabodi vikiwa sambamba. Kanuni ilikuwa moja tu: nyeusi na nyeusi zikutane katikati. Ukivibadilisha, madabodi kwaheri.

Mwaka 1995 Intel wakatoa mtindo wa ATX. Kiunganishi kikawa kimoja cha pini 20 kisichoweza kugeuzwa, ikaongezwa volti 3.3, na kompyuta ikaweza kujizima yenyewe. Wenye umri wa kaka zetu wanakumbuka maandishi ya kukuambia sasa unaweza kuzima, halafu unabonyeza swichi kwa mkono. Hiyo ilikuwa AT. Tangu ATX kompyuta "iliyozimwa" bado ina volti 5 za kusubiri ndani yake. Ndiyo maana kabla ya kugusa RAM unachomoa waya ukutani, usitegemee kitufe cha mbele.

Sasa sikilizeni jambo linalowagusa mfukoni. Miaka ya 1990 prosesa zilikuwa zinalishwa kutoka njia ya volti 5. Pentium 4 ilipokuja mwaka 2000 ikawa na njaa kubwa, hivyo wakahamia volti 12 na kuongeza kile kiunganishi kidogo cha mraba chenye pini nne. Sababu ni ya darasani kabisa: kwa wati zile zile, volti zikiwa kubwa ampea zinakuwa ndogo, na waya hauchemki. Mwaka 2003 kiunganishi kikubwa kikawa cha pini 24. Kuanzia hapo prosesa na kadi ya grafiki, walaji wakuu wote wawili, wanakula kwenye volti 12. Volti 5 na 3.3 zimebaki na kazi ndogo ndogo.

Kuna viwanda ambavyo havikuhama. Viliendelea kutengeneza maboksi yenye umbo la zamani, nguvu nyingi zikiwa volti 5 na 3.3 ambazo siku hizi hazina mlaji, kisha vikajumlisha zote na kuandika 500W. Chukua lebo, tafuta mahali palipoandikwa +12V, soma ampea zake, zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 18, hiyo ni wati 216. Hiyo ndiyo pawa saplai yako halisi. Ya kweli ya wati 450 itakuwa na ampea kama 36 au 37 kwenye hiyo njia. Namba kubwa pembeni ni jina tu.

Na swichi nyekundu? Hiyo ina historia ndefu zaidi. Edison alipowasha mtaa wa Pearl, New York, mwaka 1882 alitumia volti kama 110, na Marekani ikabaki maeneo hayo mpaka leo, 120. Ulaya ilihamia kwenye 220 ili kupitisha umeme mwingi kwa shaba kidogo. Mkoloni ametuachia hizi za Ulaya. Watengenezaji wa kompyuta wakitaka boksi moja liuzwe kote, wakaweka swichi ya 115 na 230. Ikiwa 230, umeme unapita kawaida na kapasita mbili kubwa zinagawana kama volti 325. Ikiwa 115, mzunguko unazidisha mara mbili ili upate zile zile 325. Sasa leta kompyuta ya mtumba kutoka Marekani, swichi iko 115, ichomeke Dodoma. Inazidisha mara mbili umeme ambao tayari ni mkubwa: volti 650 kwenye kapasita mbili ambazo kila moja imeandikwa 200. Mlio wake mtaa mzima unausikia. Kama boksi lako lina hiyo swichi, itazame kwa macho yako kabla ya kuchomeka, hata kama muuzaji amekuapia.

Sasa kwa nini nimekaa chini kuandika yote haya? Kuna jamaa, sitamtaja, anakaa nyumba ya kupanga nje ya chuo, yuko mwaka wa mwisho. Aliunga mashine nzuri tu: prosesa nzuri, RAM ya kutosha, kadi ya grafiki ya kufanyia projekti yake ya kutambua magonjwa ya majani ya mzabibu kwa picha. Picha alizipiga mwenyewe mashambani kwa wiki kadhaa, kila jani na maelezo yake. Boksi lilikuwa la wati 500 za jina. Siku moja jioni volti zilishuka, taa zikawa njano, kompyuta ikajiwasha upya mara mbili, ya tatu ikatoa harufu. Boksi lilikufa na halikufa peke yake. Lilipitisha volti zisizofaa upande wa pili, likaondoka na madabodi na hadi diski. Kukusanya ilikuwa wiki tatu kabla. Picha zilizopona ni zile alizokuwa amemtumia msimamizi wake kwa barua pepe, na msimu wa zabibu ulikuwa umepita, majani ya kupiga upya hayapo. Amebadilisha kichwa cha projekti. Nilimwona amekaa kwenye ngazi na ile hadi diski mkononi anaigeuza geuza. Ukijumlisha, tofauti ya bei kati ya boksi lile na la kweli ilikuwa ndogo kuliko nauli zake za kwenda mashambani.

Basi, historia ikitumika inatoa haya. Nayaweka kwa namba ili mkiwa dukani myasome kwenye simu.

1. Piga hesabu ya njaa kwanza. Mfano wa mashine ya kawaida huku: Core i5-4590 inaandikwa wati 84, GTX 1050 Ti wati 75, weka 50 za madabodi, RAM, diski na feni. Jumla kama 210. Pawa saplai ya kweli ya wati 400 inakutosha na inabaki na nafasi ya kupumua. Ukienda Ryzen 5 5600 na RTX 3060, kadi peke yake ni 170 na prosesa ikikazwa inapita zile 65 za lebo, hapo nenda 550. Hakuna haja ya 850 kwa ajili ya sifa.

2. Soma ampea za +12V, kama nilivyosema. Kisha inyanyue. Uzito si kipimo cha kisayansi, lakini boksi jepesi kama mkate mara nyingi limepunguziwa shaba, vipooza joto na vichuja umeme. Ukichungulia kwenye matundu ukaona nafasi za vifaa zimeachwa wazi na kuungwa kwa kipande cha waya, rudisha.

3. Tafuta isiyo na swichi nyekundu, iliyoandikwa 100-240V na yenye PFC hai. Hapa ndipo Dodoma inapohusika hasa. Boksi la kizamani linahifadhi akiba ya umeme kwenye kapasita zake kulingana na volti za ukutani, na akiba hiyo inafuata mraba wa volti. Ukutani pakiwa 180 badala ya 230, akiba inabaki kama asilimia 61. Lenye PFC hai linapandisha volti lenyewe mpaka karibu 380 au 400 bila kujali ukutani kuna nini, kwa hiyo akiba yake haitetereki.

4. Akiba hiyo ndiyo inayoamua kama UPS yako ina maana. Umeme ukikatika, UPS nyingi za bei ya kati zinachukua milisekunde chache, hata kufika kumi, kuhamia kwenye betri. Pawa saplai nzuri inajitegemea kama milisekunde 16 au 17 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Mbovu kwenye umeme mdogo haifiki. Ndiyo maana unasikia mtu analalamika ana UPS na kompyuta bado inazima. UPS haikuwa na kosa. Na ukumbuke VA si wati: UPS ya VA 650 mara nyingi inabeba chini ya wati 400.

5. Alama ya 80 Plus, iliyoanza mwaka 2004, inamaanisha angalau asilimia 80 ya umeme inafika kwenye kompyuta badala ya kuwa joto. Chukua mashine inayokula wati 150. Kwa boksi la asilimia 70 unavuta 214 ukutani, kwa la asilimia 85 unavuta 176. Ukitumia saa sita kwa siku ni kama yuniti 83 za LUKU kwa mwaka. Na lile joto lililopungua ni feni kuvuta vumbi kidogo. Mnajua vumbi letu la Agosti. Kila mwisho wa muhula puliza boksi kwa nje, ukiwa umechomoa waya, na usilifungue: kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya kukurusha.

6. Mtumba wa ofisini. OptiPlex nyingi zinazouzwa huku ni mashine nzuri, na pawa saplai zake ni za kweli hata kama zimeandikwa 255 au 290 tu. Naziamini kuliko 500 ya jina. Lakini 7020 na 9020 zina kiunganishi cha pini nane, si 24, kwa hiyo ukitaka kubadilisha unahitaji waya wa kuunganisha. Na ukikutana na Dell ya mwishoni mwa miaka ya 1990, kaa mbali: kiunganishi kinafanana na ATX lakini waya zimepangwa tofauti, ukiweka boksi la kawaida unaua vyote viwili. Mashine za kati ya 1999 na 2007 zichungulie kapasita. Dunia nzima ilikumbwa na kapasita mbovu miaka hiyo, zinavimba vichwani kama chapati.

7. Ile plagi ya Mwingereza sasa. Mashine kutoka Ujerumani zinakuja na plagi ya duara, na vijana wanachokoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili iingie. Inaingia, lakini erthi haigusi. Matokeo yake kasha linakutekenya vidole kila ukiligusa, kwa sababu vichuja vya ndani vinamwaga umeme kidogo kwenye kasha na hauna pa kwenda. Nunua waya wa miguu mitatu. Ni bei ya soda chache. Na radi zikianza, chomoa. Hakuna pawa saplai wala UPS ya kukuwekea dhamana dhidi ya radi.

Kuna mtu ataniambia haya ni ya masikini, wenye hela hawana shida. Hapana. Mwaka 2022 kadi za RTX 4090, zilizokuwa zikiuzwa bei ya bodaboda, zilikuwa zinayeyusha kiunganishi chao kipya kilichotakiwa kubeba mpaka wati 600, mpaka mwaka uliofuata kikarekebishwa. Umeme haujali bei ya mashine.

Bajeti yangu kwa anayeniuliza ni hii: ukiwa na hela pungufu, punguza RAM, utaongeza bumu lijalo. Punguza prosesa, chukua ya kizazi cha nyuma. Hadi diski nyingine ya pembeni ya kuhifadhia nakala ya kazi zako usiipunguze, na pawa saplai usiipunguze. Hivi viwili ndivyo vinavyosimama kati ya Mtera na digrii yako.

Kwa leo niishie hapa, kesho nina testi ya saa mbili asubuhi. Anayetaka kusomewa lebo apige picha aniletee chumbani, au twende wote mjini Jumamosi, nitabeba kikokotoo. Tuko pamoja.